Wazee Wanaohama na Majira

Mwezi wa Agosti, mji mdogo wa Quartzsite katika jimbo la Arizona, huko Marekani, hauna mtu barabarani saa za mchana. Joto hupita nyuzi 43 za Sentigredi, maduka mengi yamefungwa, na nje ya mji hakuna ila changarawe, vichaka vya miiba na mipungate mirefu iliyosimama pweke. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi wasiozidi 2,500. Lakini mtu akirudi mahali hapo hapo katikati ya Januari atadhani amepotea njia. Jangwa zima, upande wa kaskazini na upande wa kusini, limejaa magari-nyumba: mengine makubwa kama mabasi ya abiria, mengine karavani zinazokokotwa na malori madogo, mengine mabehewa ya zamani yaliyochubuka rangi. Jioni moshi wa kuni hupanda, viti vya turubai huwekwa duara, na watu wanaoketi juu yake, karibu wote, wana mvi.

Watu hawa Wamarekani huwaita ndege wa theluji. Ni wastaafu wa majimbo ya kaskazini ya Marekani na wa Kanada, ambao kila mwaka hufunga nyumba zao kabla ya baridi kali, hushuka kusini kwa barabara, hukaa miezi minne au mitano, kisha hurudi makwao majani yanapoanza kuchipua. Jina linawafaa. Mbayuwayu anayeonekana katika anga ya Afrika Mashariki mwezi wa Novemba hafanyi jambo tofauti; naye ameikimbia baridi ya Ulaya, naye atarudi huko kuzaa. Tofauti ni kwamba mbayuwayu hana bima ya matibabu, hana hati ya kusafiria, wala hana mabomba ya maji yanayoweza kupasuka njiani.

Kwa mtu asiyeijua baridi ya kaskazini, safari hiyo yaweza kuonekana kuwa anasa tu. Basi na atazame hali ilivyo. Katika mji wa Winnipeg, wastani wa joto la mwezi Januari, mchana na usiku pamoja, ni nyuzi 16 chini ya sifuri. Katika mji wa Edmonton mwezi wa Desemba jua huonekana kwa saa saba na nusu hivi, kisha hutoweka. Mzee mwenye maumivu ya viungo hulazimika kukwangua theluji mlangoni kabla hajaweza kutoka, na kuteleza mara moja juu ya barafu kwaweza kumvunja nyonga. Wakati huo huo, katika mji wa Yuma, kilomita zaidi ya mia moja kusini ya Quartzsite, joto la mchana mwezi wa Januari hufikia nyuzi 20 au 21, na mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 80. Yuma huhesabiwa miongoni mwa miji yenye jua jingi kuliko yote duniani. Mabonde yake yaliyomwagiliwa maji ya mto Colorado ndiyo yanayoilisha Marekani mboga za majani wakati wa baridi.

Desturi yenyewe si ya jana. Mwaka 1919, katika bustani moja ya mji wa Tampa, Florida, wasafiri waliokuwa wakilala katika magari na mahema walianzisha chama wakakiita Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo, na wengi husema ni kwa sababu walikula vyakula vya makopo njiani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia barabara kuu zilijengwa, pensheni zikaongezeka, na karavani zikawa bidhaa ya kiwandani. Wengine walithubutu kufika mbali kabisa: mwaka 1959 Wally Byam, mwasisi wa karavani za bati jeupe za Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town, na mwaka 1960 msafara huo ukafika Cairo baada ya kuvuka Kongo, Kenya na Ethiopia. Wazee wa siku hizo waliokuwa kando ya njia huenda wanakumbuka mlolongo huo uking'aa katika matope. Ulipofika mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, biashara ya magari-nyumba ilianguka kwa kishindo, maana gari kubwa la namna hiyo hunywa lita 25 hadi 35 za petroli kwa kila kilomita 100. Lakini halikufa, na wazee hawakuacha kuhama.

Swali linalowasumbua kila mwaka si mahali pa kwenda. Wengi wameshalijibu hilo zamani, na hurudi kwenye kichaka kile kile, kando ya majirani wale wale. Swali ni siku ya kuondoka. Nahodha wa jahazi wa zamani alijua kwamba akiiwahi kaskazi mno atakaa baharini bila upepo, na akichelewa kusi kitamkuta njiani. Mzee wa Kanada hana pepo mbili tu za kuangalia. Ana majira ya hewa, ana sheria za nchi mbili, ana daktari wake, na mara nyingi ana binti anayetaka wazazi wabaki mpaka sikukuu ipite.

Chukua mfano wa mume na mke wastaafu walioko karibu na Calgary, katika mkoa wa Alberta. Mbele yao ziko zaidi ya kilomita 2,000 hadi Quartzsite. Barabara yao ni ile ya namba 15, inayoanzia mpaka wa Montana, ikapita Idaho na Utah, ikakata pembe ya Arizona katika korongo la mto Virgin, na kuingia Las Vegas. Kutoka hapo huteremka kusini kufuata bonde la mto Colorado, wakipita karibu na Lake Havasu City, mji wenye kioja chake: daraja la London, lililonunuliwa mwaka 1968 kwa dola 2,460,000, likavunjwa jiwe kwa jiwe, likavushwa bahari na kuundwa upya jangwani, ambako lilifunguliwa mwaka 1971.

Kikwazo kikubwa cha njia hiyo kiko kaskazini. Mpakani mwa Montana na Idaho barabara hupanda hadi Monida Pass, mita 2,094 juu ya usawa wa bahari. Theluji yaweza kuanguka hapo hata mwezi wa Septemba. Mwezi wa Oktoba aghalabu ni mwema, siku kavu na baridi ya asubuhi tu. Ufikapo Novemba mambo hubadilika kwa saa chache: lami hugeuka kioo, na upepo wa ubavuni, ambao gari dogo halihangaiki nao, huisukuma karavani ndefu kama tanga. Mchana nao umefupika. Saa kumi na moja jioni giza limeingia, na dereva wa miaka sabini na mitano haoni vizuri usiku. Ndiyo maana wengi wamejiwekea kanuni ya tatu mara tatu: wasiendeshe zaidi ya maili 300, yaani kilomita 480 hivi, kwa siku, wawe wamesimama kufikia saa tisa alasiri, na kila wafikapo mahali wapumzike siku tatu. Kanuni ya siku tatu huvunjwa na kila mtu anayeona mawingu meusi nyuma yake.

Baridi haiachi jiko wala choo. Gari-nyumba lina tangi la maji, pampu, mabomba membamba chini ya sakafu na hita ya maji ya kuogea. Maji yakiganda hutanuka na kupasua yote hayo, na gharama ya kutengeneza yaweza kumaliza akiba ya msimu mzima. Kwa hiyo anayeondoka mwezi wa Novemba huondoka na mabomba matupu. Ameyamwaga maji, amepitisha ndani yake dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, isiyo sumu, na njiani hutumia maji ya madumu kwa kunywa na kupikia. Vyombo huoshwa katika beseni. Chakula hupikwa katika sufuria moja, mara nyingi mchuzi mzito uliotayarishwa nyumbani na kugandishwa, ili kazi ya njiani iwe kupasha moto tu. Wakifika St. George, kusini ya Utah, mahali palipo chini na penye joto, ndipo mabomba hufunguliwa, dawa husukumwa nje, na mama wa nyumba huoga kwa mara ya kwanza bila ya kwenda bafu la kituo cha mafuta. Anayeondoka mapema Oktoba hana haja ya mashaka hayo yote. Zaidi ya hayo, kambi nyingi za kaskazini hufungwa kufikia katikati ya Oktoba, na anayechelewa hulala katika viwanja vya maduka, kati ya malori ya mizigo.

Mpaka nao una masharti ya jikoni. Machungwa na ndimu zilizonunuliwa dukani Kanada huweza kuchukuliwa na maofisa wa Marekani, kwa sababu Kanada haioti matunda hayo na haijulikani yalitoka wapi. Kuni pia hutazamwa kwa jicho kali kwa ajili ya wadudu. Wenye uzoefu huvuka na jokofu lililo karibu tupu, wakanunua vyakula Montana.

Basi kwa nini wasiondoke wote tarehe mosi Oktoba? Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma.

Raia wa Kanada anayeingia Marekani kwa matembezi hupewa kwa kawaida muda wa miezi sita, na wazee wengi hujihesabia siku 182 katika kila miezi kumi na miwili. Siku ya kuingia huhesabiwa, na siku ya kutoka huhesabiwa, hata kama ni dakika kumi tu. Wanaovuka Meksiko kwa siku moja kumwona daktari wa meno hawaanzishi hesabu mpya. Tena safari fupi za kiangazi, za kumtazama mjukuu au kununua tairi, zote zimo katika jumla. Sasa hesabu na ipigwe. Mume na mke wetu wakivuka tarehe 1 Oktoba, siku yao ya 182 itaangukia tarehe 31 Machi, ilhali Alberta bado imefunikwa theluji na Monida haijatulia. Wakingoja mpaka tarehe 9 Novemba, siku yao ya 182 itakuwa tarehe 9 Mei, wakati barabara ni kavu na bustani inangoja kulimwa, lakini watakuwa wameshuka katika barafu. Njia njema ya kwenda hulipwa kwa njia mbaya ya kurudi. Idara ya kodi ya Marekani nayo ina kipimo chake, kinachochanganya siku za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka uliopita na sudusi ya siku za mwaka wa kabla yake. Anayefika 183 kwa hesabu hiyo hana budi kujaza fomu namba 8840 kueleza kwamba kwao hasa ni Kanada.

Nyumbani nako hesabu haijaisha. Matibabu ya Kanada hulipwa na mikoa, na kila mkoa unataka mwenye kadi yake awe kweli mkazi. Ontario, kwa mfano, yamruhusu mtu kuwa nje siku 212 katika miezi kumi na miwili. Quebec yaanza kumwuliza anayefikisha siku 183 katika mwaka, ingawa haihesabu safari zisizozidi siku 21. Na maskini wana tarehe yao ya peke yao. Ile nyongeza ya pensheni wanayopewa wazee wenye kipato kidogo husimamishwa mtu akikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita. Kwa mzee mwenye akiba, kukosea siku chache ni usumbufu wa barua na fomu. Kwa mjane anayeishi kwa nyongeza hiyo, ni unga wa mwezi.

Lakini katika yote, hakuna kinachoamua tarehe kwa ukali kama kidonge. Mkoa wa Kanada hulipa sehemu ndogo sana ya gharama za hospitali ya Marekani, na gharama hizo ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu auze nyumba. Kwa hiyo kila mwenye busara hununua bima ya safari. Bima hizo zina sharti linaloitwa utulivu: ugonjwa alio nao mzee kabla ya kuondoka haulipiwi mpaka uwe umetulia kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 90, na kwa wazee zaidi au bima nyingine siku 180. Kutulia maana yake ni kwamba hakuna dawa mpya, hakuna kipimo kinachongojewa, na kiasi cha dawa hakikuongezwa. Katika bima nyingi hata kupunguziwa kiasi huhesabiwa kuwa mabadiliko.

Mume wa mfano wetu ana shinikizo la damu. Tarehe 10 Agosti daktari amempima, hakuridhika, na amemwongezea dawa kidogo. Kwa daktari ni jambo la kawaida. Kwa safari ni msumari: siku 90 zinaishia tarehe 8 Novemba. Akivuka kabla ya hapo, na moyo ukamshika katika korongo la Virgin, kampuni ya bima itafungua daftari la daktari, itaona tarehe 10 Agosti, na huenda ikakataa kulipa hata senti moja. Akingoja, ataiendesha karavani juu ya Monida katikati ya Novemba, na shinikizo lile lile la damu. Wapo wanaochagua hatari ya kwanza na kukimbia na Oktoba. Wapo wanaochagua ya pili. Wapo wanaompa kijana wao gari-nyumba alishushe, nao wakapanda ndege baadaye. Na wapo, jambo la kusikitisha, wanaokwepa kwenda kwa daktari tangu Juni ili daftari lisiguswe, kana kwamba ugonjwa usioandikwa haupo. Waganga wanaolijua jambo hili hujaribu kuwaona wagonjwa wao wa namna hiyo mwezi wa Mei au Juni, mara tu wanaporudi, ili mabadiliko yoyote yapate nafasi ya kutulia kabla ya vuli. Huo ndio utaratibu ulio bora, na ni ajabu kwamba haukuenea kwa wote.

Nyumba inayoachwa pia hudai haki yake. Tanuri la kupasha joto likizimika Januari, mabomba ya nyumba hupasuka kama ya karavani, na chumba cha chini hujaa maji yanayoganda. Kampuni za bima ya nyumba kwa hiyo hutaka maji yafungwe na kumwagwa, au mtu aingie kukagua kila baada ya siku chache, na baadhi hutaka tarehe za ukaguzi ziandikwe. Hapa ujirani mwema hupata thamani yake. Jirani hupewa ufunguo, hukusanya barua, hutia alama za matairi mbele ya gereji ili nyumba ionekane ina watu. Malipo yake aghalabu ni mfuko wa matunda ya Arizona mwezi wa Aprili.

Wakishafika, maisha ya jangwani yana utaratibu wake. Ardhi kubwa inayozunguka Quartzsite ni mali ya umma wa Marekani, na tangu mwaka 1983 serikali imetenga sehemu maalumu za kukaa muda mrefu, kati ya tarehe 15 Septemba na tarehe 15 Aprili. Kwa miaka mingi ada ya msimu mzima ilikuwa dola 180. Kwa fedha hiyo, katika eneo la La Posa, mtu alipata mahali pa kuegesha, bomba la maji la pamoja, mahali pa kumwaga maji machafu na pa kutupa taka. Umeme hakuna; kila mmoja huvuna jua kwa vioo juu ya paa lake. Asiyetaka kulipa huruhusiwa kukaa bure sehemu nyingine za jangwa kwa siku 14, kisha hana budi kuhamia mbali.

Watu husema kwamba ni makazi ya starehe. Kwa wengine, ndiyo. Lakini katika changarawe ile ile wapo ambao hawana nyumba yoyote kaskazini, waliouza au kunyang'anywa baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, na gari ndilo kao lao la mwisho. Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu chake Nomadland kilichotoka mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo kubwa ya Oscar mwaka 2021. Hao hawaulizi lini watarudi kwao. Huuliza tu joto litaanza lini, ili wapande milimani kwenye ubaridi, na kazi za msimu zitafunguliwa wapi. Wazee wenye nyumba na wazee wasio nazo huchota maji kwenye bomba moja, wakasalimiana kwa heshima, na si rahisi kuwatambua kwa kuwatazama.

Kwa Mwislamu wa mwambao anayesoma habari hizi, kuna kaburi moja la kuzingatia. Pembeni mwa mji upo mnara wa mawe wa umbo la piramidi, na juu yake sanamu ya ngamia wa shaba. Hapo amezikwa Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Waturuki, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi kwa ajili ya kubeba mizigo jangwani. Wanajeshi wasioweza kulitamka jina lake walimwita Hi Jolly, na hivyo ndivyo lilivyoandikwa juu ya kaburi. Mwaka 1857 ngamia hao walikwenda pamoja na msafara wa Edward Beale uliokuwa ukipasua njia ya magari ya kukokotwa kuelekea California. Ngamia walifanya kazi vizuri, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mradi ulisahauliwa. Haji Ali alifia Quartzsite mwaka 1902, na mnara ulijengwa mwaka 1935. Siku hizi wazee wenye kofia za jua hupiga picha mbele yake, kisha hurudi kwenye mnada wa mawe na vito.

Matatizo ya meno hupelekwa Los Algodones, kijiji cha Meksiko kilicho kando ya Yuma, ambako mamia ya madaktari wa meno wamepanga vyumba vyao hatua chache kutoka mpakani. Wazee huegesha upande wa Marekani, katika uwanja wa kabila la Waquechan, huvuka kwa miguu asubuhi, na alasiri hurudi katika foleni ndefu, mashavu yamevimba, mikononi mifuko ya dawa za bei nafuu.

Miaka ya karibuni imewafundisha kwamba ratiba nzuri yaweza kuvunjwa na serikali kwa tangazo moja. Tarehe 21 Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, mpaka wa nchi kavu ulifungwa kwa safari zisizo za lazima, na Wakanada hawakuruhusiwa kuingia Marekani kwa barabara mpaka tarehe 8 Novemba 2021. Anga halikufungwa kwao. Basi baadhi walilipa malori kuvusha magari-nyumba yao kama mizigo, wao wakaruka juu na kuyapokea upande wa pili. Mwaka 2025, ugomvi wa ushuru kati ya nchi hizo mbili uliwaudhi wengi wakaacha kwenda, na tangu tarehe 11 Aprili mwaka huo Wakanada walioingia kwa barabara na kukusudia kukaa siku 30 au zaidi walitakiwa kujiandikisha. Safari za magari kutoka Kanada zilipungua sana. Fedha nayo haikuwasaidia: mwaka 2012 dola ya Kanada ilikuwa karibu sawa na ya Marekani, lakini mwanzoni mwa 2016 ilishuka mpaka chini ya senti 70, na mzee aliyepanga miezi mitano akajikuta ana fedha za miezi mitatu na nusu.

Katikati ya Machi joto la Quartzsite huanza kupita nyuzi 25 mchana, na mazungumzo ya jioni hugeuka. Badala ya kusimuliana samaki na wajukuu, wanatazama utabiri wa hali ya hewa wa Idaho. Wenye haraka ni wale walioingia mapema Oktoba, maana siku zao zinakwisha. Baadhi yao hutumia ujanja wa kupanda kwa vituo: wiki moja Las Vegas, wiki moja St. George, macho yakiwa juu ya Monida, na hesabu ya siku 182 mfukoni. Walioingia Novemba hukaa mpaka Aprili, lakini nao wana kodi ya Kanada inayotakiwa kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Tarehe 15 Aprili muda wa La Posa huisha. Maji machafu humwagwa, vioo vya jua hupanguswa mavumbi, majirani huandikiana anwani ingawa wanazo tangu miaka kumi iliyopita, na wa mwisho huondoka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mume wetu wa Alberta ana miadi na daktari wake katika wiki ya kwanza ya Mei.